Maili mbili kati ya Fisk na Vanderbilt

Kutoka Chuo Kikuu cha Fisk hadi Chuo Kikuu cha Vanderbilt, vyote vikiwa jijini Nashville katika jimbo la Tennessee, ni kama maili mbili. Kwa miguu hazizidi dakika arobaini na tano. Ila kwa zaidi ya karne moja vyuo hivi viliishi kama majirani wasioazimana hata chumvi.

Fisk ilianzishwa 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, ili kuwasomesha watu waliotoka utumwani. Jengo lake mashuhuri, Jubilee Hall, limejengwa kwa fedha za nyimbo. Mwaka 1871 kundi la wanafunzi wake, wengi wao wakiwa wamezaliwa watumwa, walitoka kwenda kuimba mji kwa mji nyimbo za kiroho za wazazi wao, wakavuka bahari, na mwaka 1873 wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Mwaka huohuo wa 1873, upande wa pili wa mji, Vanderbilt ikaanzishwa kwa dola milioni 1 za mtu mmoja, Cornelius Vanderbilt, tajiri wa meli na reli. Chuo hicho hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hadi 1953, na mwaka 1960 kikamfukuza James Lawson, mwanafunzi wa theolojia aliyekuwa akiwafundisha vijana wa Nashville namna ya kukaa kwenye kaunta za mikahawa ya Wazungu bila kujibu mapigo.

Mwaka 2004 walimu wa fizikia wa pande zote mbili waliamua kuziunganisha hizo maili mbili. Upande wa Fisk alikuwepo Arnold Burger, mtaalamu wa kuotesha fuwele. Upande wa Vanderbilt alikuwepo Keivan Stassun, mtafiti wa nyota ambaye hakuwa na muda mrefu tangu aajiriwe. Wakaanzisha mpango unaoitwa Daraja: mwanafunzi anasoma shahada ya uzamili Fisk kwa miaka miwili, kisha anavuka kwenda kusoma uzamivu Vanderbilt, au chuo kingine kitakachomtaka. Walengwa walikuwa vijana wa makundi ambayo sayansi ya Marekani imeyaacha nyuma: Weusi, Walatino na Wenyeji wa asili wa Amerika.

Mimi nilisoma uzamivu Marekani bila daraja la namna hiyo, na nimeufuatilia mpango huu kwa miaka mingi. Ninauchambua hapa kwa sababu unaonyesha jinsi ulezi wa kitaaluma unavyofanya kazi ukiwa ni jukumu lenye mwenyewe, mtu anayelipwa kwa ajili yake na kuulizwa likiharibika. Vyuo vingi vinauacha ulezi kwenye huruma ya profesa mmoja mwema. Huyo akistaafu au akihama, kila kitu kinaondoka naye.

Kwanza nieleze watu walikuwa wanapotelea wapi.

Fisk haikuwa na upungufu wa vichwa. Elmer Imes, aliyehitimu hapo 1903, alipata uzamivu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1918 kwa kupima jinsi molekuli zinavyofyonza mwanga usioonekana kwa macho. Kazi yake ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mapema kwamba nadharia ya kwanta inafaa kuelezea molekuli zinazozunguka. Hata hivyo miaka mingi ikapita kabla hajapata nafasi ya kufundisha chuo kikuu, na alipoipata, mwaka 1930, ilikuwa ni kurudi Fisk kuongoza idara ya fizikia.

Miaka thelathini baadaye kijana mwingine, Marion Barry, alimaliza uzamili wa kemia Fisk akiwa mstari wa mbele katika maandamano ya kaunta. Watu wengi wanamfahamu kama meya wa Washington. Wachache wanakumbuka kwamba alianza uzamivu wa kemia, kwanza Kansas, kisha Chuo Kikuu cha Tennessee, ambako alikuwa Mweusi peke yake katika programu. Huko akaambiwa haruhusiwi kuwafundisha watoto wa Kizungu. Akaiacha kemia, akaenda kwenye harakati. Harakati zilimpata mtu hodari. Lakini mimi huifikiria ile meza yake ya maabara iliyobaki tupu, na sidhani kama katika idara ile kuna aliyeulizwa kwa nini.

Sheria zilibadilika, meza zikaendelea kuachwa. Kwa miongo kadhaa sehemu ya shahada za kwanza za fizikia zinazokwenda kwa Wamarekani Weusi imekuwa kama asilimia 5 au chini yake, wakati wao ni kama asilimia 13 ya wananchi. Kwenye uzamivu hali ni mbaya zaidi. Kuna idara zinazokaa mwaka hadi mwaka bila kumhitimisha hata mmoja. Anayeingia humo anakuwa peke yake, na upweke huo ndio unaomla. Mwenyewe nimewaona watu wakiondoka, na hisabati haikuwa tatizo lao.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanahitaji kuelewa jambo moja la mfumo wa Marekani. Kwetu mtu anamaliza shahada ya kwanza, anasoma uzamili, ndipo anafikiria uzamivu. Marekani, katika fizikia, mtu anaingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na uzamili mara nyingi huonekana kama kifuta jasho cha aliyeshindwa njiani. Walioanzisha Daraja waligundua kwamba wanafunzi wa makundi madogo, kuliko wengine, huelekea kupitia uzamili kwanza, tena mara nyingi katika chuo tofauti na kile watakachosoma uzamivu. Wengi walitoka vyuo vidogo ambavyo havikuwa na masomo yote ya juu ya fizikia, kwa hiyo walihitaji kujazia. Njia ilikuwepo na watu walikuwa wakiipita, ila katikati palikuwa na pengo: ukimaliza uzamili unaanza upya kuomba, hujulikani na mtu, na barua zako zimeandikwa na walimu ambao kamati ya chuo kikubwa haijawahi kuwasikia. Daraja likajengwa kwenye pengo hilohilo. Kwangu hiyo ndiyo busara kubwa kuliko zote katika kisa hiki. Waanzilishi waliangalia kwanza watu wanapita wapi, ndipo wakaweka nguzo.

Sasa namna lilivyofanya kazi. Mwanafunzi analipiwa masomo na kujikimu. Tangu mwanzo anakuwa na wasimamizi pande zote mbili. Anasajiliwa Fisk, lakini anatakiwa kusoma darasani Vanderbilt angalau somo moja la msingi la uzamivu, akikaa kiti kimoja na wanafunzi wa uzamivu na kufanya mtihani uleule. Utafiti wake anaufanya katika maabara ambayo huenda ndiyo itakayompokea baadaye. Ikifika zamu ya kuomba uzamivu hatakiwi ada ya maombi wala alama za GRE, mtihani ule wa kuchujia waombaji. Na wanaokaa kuijadili fomu yake wamekwisha kumsahihishia kazi zake na kumwona akikosea na kurudia. Huyo si mgeni tena kwao.

Kuhusu GRE, Stassun na mwenzake Casey Miller waliandika katika jarida la Nature mwaka 2014 kwamba, kwa kipimo cha zamani ambacho alama ya juu ni 800, idara nyingi zilikuwa zikikata waombaji waliokuwa chini ya 700 katika hisabati. Miongoni mwa wanaokwenda sayansi za maumbile, asilimia 82 ya Wazungu na Waasia walivuka mstari huo, na asilimia 5.2 tu ya watu wa makundi madogo. Ukikata hapo umekwisha kuamua nani ataingia kabla hujasoma barua hata moja. Daraja likaweka badala yake mahojiano ya nusu saa. Muombaji anaulizwa ameshindwa wapi na alifanya nini baada ya kushindwa, ana malengo gani ya muda mrefu, na akikwama humwendea nani. Swali hilo la mwisho nalipenda sana, kwa sababu mimi nilipofika Marekani nisingekuwa na jibu lake.

Nilitoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa na alama nzuri na sweta moja. Chuo changu cha Marekani sitakitaja. Mwaka wa kwanza tulikuwa na mtihani wa kufuzu, ule ambao ukiufeli mara mbili unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Nilijifungia miezi mitatu na vitabu vinne vinene, nikafeli. Wiki iliyofuata, chumba cha wanafunzi wa mwaka wa tatu, nilienda kuazima kebo ya kompyuta. Juu ya kabati palikuwa na boksi la viatu, na ndani yake mitihani yote ya kufuzu ya miaka kumi na miwili iliyopita, yenye majibu yaliyoandikwa kwa kalamu za rangi tofauti na vizazi tofauti vya wanafunzi. Kwetu tungeyaita madesa, na Mlimani desa lisingekaa juu ya kabati wiki moja bila kufika bwenini. Hapo lilikuwa la kila mtu, isipokuwa hakuna aliyekumbuka kuniambia. Mwenyeji wa chumba alishangaa kweli. "Nilidhani unajua," akasema. Hakuwa na nia mbaya. Wenzangu waliambiana kwenye bia ya Ijumaa, na mimi Ijumaa nilikuwa nikirudi chumbani kwangu.

Mambo mengi yanayomfukuza mtu chuoni yana sura ya boksi lile. Hakuna lango lililofungwa, ila taarifa zinapitia kwenye urafiki, na urafiki unafuata wanaofanana. Mabinti wa pwani wa zamani hawakuachwa wayaokote maisha hivyo. Mwari alikuwa na somo wake, mtu anayejulikana kwa jina, na akiharibikiwa watu walikuwa wakimuuliza huyo somo: ulimfundisha nini?

Daraja lilimweka mtu wa namna hiyo. Liliajiri mkurugenzi mtendaji ambaye kazi yake ya kila siku ni mpango wenyewe. Maendeleo ya kila mwanafunzi yalifuatiliwa muhula ukiwa bado unaendelea, ili anayeanza kuteleza apigiwe simu wiki ya tano, asisubiri matokeo ya mwisho yaseme kilichokwisha kuharibika. Wa mwaka wa pili wakawaongoza wa mwaka wa kwanza, na waliokwisha kuvuka wakabaki mji uleule wakionekana. Jambo la kuonekana si dogo. Kumwona mtu wa kwenu akipita kwenye korido na kikombe cha kahawa, amechoka, amefeli jaribio mara nne na bado yupo, kunafundisha kitu ambacho hotuba ya kukaribisha wageni haiwezi kukifundisha.

Wanaousifu mpango huu mara nyingi huwaongelea wanafunzi, wakaisahau Fisk yenyewe. Fisk haikuwa chumba cha kusubiria. Kundi la Burger lilikuwa na ujuzi wa kuotesha fuwele za kunasa mionzi, zile zinazotumika kutambua madini ya nyuklia yaliyofichwa. Chumvi iliyosafishwa sana inafungwa ndani ya kichupa cha kwazi (quartz), kinachostahimili joto kali, inayeyushwa, kisha kichupa kinashushwa polepole kutoka sehemu ya moto ya tanuri kwenda sehemu ya baridi, kwa mwendo ambao jicho haliuoni. Fuwele huanza kwenye ncha ya chini na kupanda kidogo kidogo kufuata kichupa. Ukiharakisha, inapasuka. Unyevu ukiingia, kazi ya siku nyingi inakuwa maji ya chumvi. Mwanafunzi aliyeshika kazi hiyo Fisk akipeleka fuwele zake maabara nyingine zipimwe, anakwenda na kitu ambacho mwenyeji wake hana. Hiyo ndiyo tofauti ya ushirikiano na msaada, na watu wa Fisk walikuwa na haki ya kuishikilia tofauti hiyo. Chuo kilikuwa na dhiki ya fedha kiasi kwamba mwaka 2012 kilipata dola milioni 30 kwa kuuza nusu ya umiliki wa mkusanyiko wa sanaa kiliopewa na mchoraji Georgia O'Keeffe. Jirani wa namna hiyo ukimtendea kama fukara, atakupa wanafunzi wake wazuri mara moja, mara ya pili hatakupa.

Matokeo yapo. Kufikia 2006 hakukuwa na chuo Marekani kilichotoa shahada nyingi zaidi za uzamili wa fizikia kwa raia Weusi kuliko Fisk. Katika ile makala ya 2014 waandishi walieleza kwamba asilimia 81 ya walioingia kwenye Daraja walikuwa wamepata uzamivu au wanaendelea nao vizuri, dhidi ya wastani wa kitaifa wa kama asilimia 50. Mmoja wao, Fabienne Bastien, alichapisha katika Nature mwaka 2013, akiwa bado mwanafunzi, njia ya kukadiria nguvu ya mvutano juu ya uso wa nyota kwa kuangalia mwanga wake unavyopepesuka ndani ya saa chache. Nyota kubwa iliyovimba hupepesuka zaidi, ndogo iliyobana hupepesuka kidogo. Data ya Kepler, darubini ya angani ya NASA, ilikuwa wazi kwa kila mtafiti duniani, na wengi waliuona mpepesuko ule kuwa usumbufu wa kusafishwa tu. Mwaka 2012 Chama cha Wanafizikia cha Marekani kilianzisha mpango wake wa madaraja, na idara za vyuo vingine zikaingia.

Mpango huu una lawama zake, na mbili ninazikubali. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi ndiye anayeongezewa miaka miwili, wakati idara iliyomtisha inaweza kubaki vilevile. Katika Daraja idara ya Vanderbilt iliguswa, maana maprofesa wake walilazimika kukaa na wanafunzi hao tangu mwaka wa kwanza na kubadilisha wanachokiangalia kwenye maombi. Lakini nimeona vyuo vilivyochukua jina la daraja na fedha zake, vikaacha sehemu hiyo ngumu, na kijana akavushwa salama mpaka mlangoni kwa watu walewale waliokuwa wakimuogopesha.

Ya pili ni mzigo wa walezi. Mpango uliendeshwa kwa ruzuku za mashirika ya serikali, yakiwemo Taasisi ya Taifa ya Sayansi na NASA, na ruzuku ina mwisho. Kazi ya kumsikiliza mtu anayelia ofisini saa moja na nusu haihesabiwi profesa anapoomba kupandishwa cheo. Na kwa kawaida inawaangukia walimu wachache Weusi na Walatino waliopo, ambao wenzao wakati huo wanaandika makala. Mwaka 2024 Stassun alipewa tuzo ya MacArthur, ambayo kazi yake ya kuwafungulia watu njia ilikuwa sehemu ya sababu zake, na nilifurahi kwa moyo wote. Ila kwa kila mlezi anayepata tuzo wapo wengi walionyimwa ajira ya kudumu kwa sababu ya saa zilezile.

Halafu kuna sheria. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha kumpokea, na tangu hapo mipango mingi ya aina hii imebadilisha majina, masharti na wafadhili. Mimi naona zana za Daraja zenyewe hazitegemei rangi: mahojiano badala ya alama ya kukatia, wasimamizi wawili, mtu wa kufuatilia wiki ya tano. Zingeweza kuwekwa kwa kila mwanafunzi wa idara yoyote, na asingeumia hata mmoja. Ninachohofia ni kwamba vyuo vitafuta jina na kufuta na kazi.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki kwa viza ya masomo hatumo katika hesabu hizi. Takwimu za Marekani zinatuweka safu ya wageni wa muda, na ruzuku nyingi za namna hii ni za raia na wakaazi wa kudumu. Hilo ni halali, kwa kuwa deni linalolipwa hapo ni la Wamarekani wenyewe kwa watu wao. Lakini wapo wanaozungumza Kiswahili walio ndani ya hesabu: watoto wa wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi Marekani, wenye karatasi za ukaazi, ambao sasa wanafika umri wa uzamili.

Nilikutana na mmoja mwaka wangu wa mwisho. Alikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akaletwa Marekani akiwa na miaka kumi na mitatu, na sasa alikuwa ameanza uzamivu katika idara yangu. Nililichukua lile boksi juu ya kabati, nikanakili kila karatasi, nikampa yeye na kijana mmoja Mweusi kutoka Alabama walioanza pamoja. Nikawaonyesha ofisi ya kwenda hela ya kujikimu ikichelewa, profesa wa kumkwepa na wa kumng'ang'ania, jinsi ya kuandika barua pepe ya kuomba kubadilishiwa maabara bila kumuudhi mtu. Tulikaa kwenye meza ya jikoni ya idara mpaka taa za korido zikajizima zenyewe. Yule binti alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari la mistari, na alipofunga daftari akaniangalia.

"Dada, wewe unaondoka Mei. Baada yako tutamuuliza nani?"

Nikafikiria ofisi moja baada ya nyingine, ghorofa zote nne. Sikuwa na jina la kumpa.